Mkono Uliokataa Kuharibu

Mtaani kwetu watu walimwita Mama Fundi, naye aliitika. Ila ole wako umwite fundi mbele ya mgeni. Hapo angeweka nyundo chini, akutazame kama mtu aliyeona inzi ndani ya maziwa, kisha atamke neno moja la Kifaransa ambalo nadhani alilihifadhi kwa kazi hiyo tu: "Artiste." Halafu angeinama tena kuendelea. Fundi, alinieleza siku moja, ni mtu unayempelekea sufuria iliyotoboka. Yeye hakuziba sufuria. Ukimletea, alikuelekeza kwa mzee mmoja nyuma ya soko, na kabla hujageuka alikuwa ameshakupa sufuria yake upikie mpaka yako ipone.

Tulikaa ukuta kwa ukuta, Likasi, mji ambao wakati ule bado uliitwa Jadotville. Mume wangu alifanya kazi kiwandani. Mimi nilifundisha wasichana kushona na Kifaransa cha mwanzo shuleni kwa masista. Kazi ya Mama Fundi ilikuwa kupiga shaba. Alichukua kipande bapa cha shaba, akakilaza juu ya mfuko wa mchanga, akakigonga kwa nyuma na nyundo ndogo ndogo, taratibu, mpaka picha ikainuka upande wa mbele: mwanamke anayepepeta unga, korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, wanaume wanaovuta wavu. Marehemu mume wake ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kushika nyundo. Mengine yote aliyatafuta mwenyewe.

Binti yetu Odette alizaliwa kwenye kelele hiyo. Siku za juma alilala vizuri kabisa, na Jumapili, nyundo ikiwa imenyamaza, alilia mpaka adhuhuri.

Shaba aliisemesha. Kama imemkubali, aliiita "mama" na "binti yangu". Ikimkatalia, aliitukana kama mkwe mvivu. Alikuwa na msemo wake aliowapa wanawake waliokuja kulalamika habari za waume: "Shaba ukiipiga paka kupiga tu, inakuwa nguvu, inapasuka. Uirudishe mu moto, uipumzishe, itakusikia tena." Wanawake walicheka, wakauliza mume anarudishwaje motoni. Yeye hakucheka. Alisema hayo ni maneno ya shaba tu, ya wanaume hayajui.

Alikwenda misa ya kwanza kila siku ya Mungu, na hakuna aliyemsumbua padri kumshinda yeye. Padri alimwagiza apige malaika wa kutundikwa karibu na kisima cha ubatizo. Mama Fundi akampiga malaika mwenye uso wa mama mmoja aliyeuza samaki wakavu sokoni, mashavu yameshuka, midomo imefumbwa kama mtu anayehesabu watoto wake. Padri alilalamika kwamba malaika anaonekana amechoka.

"Padri," Mama Fundi akamjibu, "ametoka mbali."

Malaika alitundikwa. Mama wa samaki akaanza kuja kanisani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yake.

Kitu kimoja sikukielewa kamwe kwake. Alikuwa na dada huko Kamatanda, umbali ambao mtu mwenye miguu mizuri huukata asubuhi. Alikwenda kumwona, na kila mara alirudi kabla jua halijazama, kwa sababu, alisema, hawezi kufumba macho katika nyumba ya mtu mwingine. Na mwanamke huyo huyo alitaka kwenda kuishi Ulaya.

"Mama," nilimuuliza, "ku Kamatanda unashindwa kulala. Ulaya utalala namna gani?"

"Kule nitakuwa na kazi. Ku Kamatanda niko na maneno ya dada tu."

Habari ya Ulaya ilianzia foyer, ile nyumba ambamo wanawake wa cité, mtaa wa Waafrika, walifundishwa kupika na kushona kizungu. Madame aliyeiongoza alikuwa mchongaji huko kwao. Siku moja alimwona Mama Fundi amekaa nyuma ya darasa akichora kwa kucha juu ya kifuniko cha kopo badala ya kushona, na tangu siku hiyo hakumpa tena sindano. Akamletea mabaki ya shaba, akawaonyesha wageni wake kazi zake. Na akamwambia jambo moja ambalo halikumtoka tena kichwani: kwamba Ulaya kuna mabamba ya shaba mapana kama mlango.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake. Tuliishi katikati ya shaba. Moshi wake ulitukausha koo, waume zetu waliikoga jioni. Lakini iliondoka mjini kwa treni ikiwa mikate mizito mizito, ikaenda kugeuzwa mabamba ng'ambo, na kwetu mtu asingeweza kupata bamba la kutosha hata kufunika meza. Mama Fundi alikuwa na picha kichwani mwake, watu wengi wanaovuka mto, na picha hiyo haikuenea kwenye vipande vyake. Aliijaribu kwa kuunga vipande viwili. Mstari wa kiungo ukapita katikati ya maji, akakunja ngumi na kulia kwa hasira.

"Shaba ya hapa yote inaenda Ulaya," alisema. "Hakuna mwenye kuiuliza iko na nani."

Wazungu wengi walipokimbia mwaka ule wa uhuru, Madame alikimbia nao, na hakurudi. Lakini alimkumbuka. Alituma habari kwamba amepata nafasi katika nyumba ya kazi ya wasanii wa chuma na shaba: miaka mitatu, chumba, jiko, na mabamba. Kilichobaki ni visa ya kukaa muda mrefu, visa ya msanii. Mama Fundi alikuja kwangu na habari hiyo akiwa amevaa viatu, jambo la kanisani tu, akaniomba niwe ulimi wake wa Kifaransa.

Tukapanda treni kwenda Elisabethville, kwa konsula wa nchi ya Madame, yeye na furushi lake, mimi na Odette mgongoni.

Wakati huo Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Tulikuwa na bendera yetu yenye misalaba mitatu ya rangi ya shaba, stempu zetu, askari wetu, na pasipoti zetu mpya. Mama Fundi alikuwa na yake, safi, imefungwa kwenye kitambaa. Kijana wa ofisi ya konsula, mtu mpole mwenye nywele zilizochanwa vizuri, hakuigusa. Aliisukuma kidogo kwa ncha ya kalamu, ikarudi upande wetu.

"Nchi yangu haiijui nchi iliyotoa kitabu hiki," alisema. "Alete pasipoti ya Léopoldville."

Nilimtafsiria. Mama Fundi akanitazama kama mimi ndiye niliyelisema. Léopoldville, kwa serikali ya Kongo tuliyojitenga nayo? Barua hazikupita. Watu hawakupita. Na mtu aliyejulikana kwamba anaomba karatasi za Léopoldville aliitwa msaliti, na tuliwaona waliokuwa wameitwa hivyo wakipakiwa kwenye malori.

Kijana alituonea huruma. Akauliza mama amesoma shule gani ya sanaa. Hakuna. Amewahi kuonyesha kazi katika jumba gani? Mama Fundi akafungua furushi, akaweka mezani kazi moja ambayo hakuwahi kuiuza, yule mwanamke anayepepeta unga. Kijana aliinama juu yake muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye unga ule, ambao ulikuwa vitone vidogo vidogo vya nyundo, kisha akakiangalia kidole chake, nadhani bila kujua anafanya nini.

"Ni nzuri sana," alisema. "Naweza kumsaidia. Kama fundi wa kazi za mikono anaweza kupewa wiki chache, aende kwenye maonyesho ya biashara, arudi. Hiyo ni rahisi zaidi."

Nilimwomba Mungu nisiyatafsiri hayo, lakini nikayatafsiri.

"Umuambie asante," Mama Fundi alisema. "Umuambie minye siombi kutembea. Naomba kukaa. Na aandike artiste."

"Mama, tukubali hii kwanza. Ukishafika kule..."

"Nikifika kule na jina ya uongo, nitapiga shaba na jina gani?"

Tukarudi nyumbani. Tulipofika, Mama Fundi alimwambia jirani wa upande wa pili kwamba mambo yanaendelea vizuri.

Madame kule Ulaya hakukata tamaa. Alizungumza na watu wake, na baada ya miezi kijana yule akatuita tena. Alikuwa amepata njia: visa ingewekwa kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye pasipoti, na neno artiste lingeandikwa. Alihitaji kitu kimoja tu, ruhusa ya kutoka, yenye sahihi ya mkubwa wa mji wetu. Mama Fundi alimshika kijana mkono kwa mikono yake miwili. Tuliimba njia nzima ya kurudi.

Mkubwa wa mji wakati ule alikuwa mtu wetu, karani wa zamani aliyepandishwa cheo baada ya wazungu kuondoka. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo kwa moyo wote. Alimheshimu Mama Fundi. Alisimama alipoingia, akamletea kiti mwenyewe. Akasema ruhusa si tatizo, mama amalize tu kumpigia misalaba mitatu ya serikali, ile ya bendera, kwa ukuta wa ofisi. Shaba angempa.

Alipiga misalaba. Ilikuwa mizuri kiasi kwamba watu walisimama mlangoni kuitazama. Mkubwa akaagiza mingine kwa ukumbi wa mikutano. Halafu kwa wageni wake. Halafu kwa mkubwa mwenzake wa mji mwingine aliyeiona akaipenda. Kila tulipokwenda kuuliza habari ya sahihi, alitupokea kwa tabasamu, na siku moja akasema wazi:

"Mama, bageni bakikuya hapa, bataona nini? Bataona kazi yako. Nikikuacha uende, nani atapiga?"

"Kuko bijana," Mama Fundi alisema. "Nitabafundisha."

"Bijana!" Mkubwa alicheka kwa upendo kabisa. "Mama, sawa weye haiko mungine."

Nje ya ofisi Mama Fundi alisimama juani. "Umesikia? Ananisifu," alisema. "Akinisifu tena, nitakufa hapa."

Hapo ndipo nilipompa shauri ambalo mtu yeyote angempa. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti chake nikichambua sombe, majani ya muhogo, yeye ameweka bamba jipya mbele yake na haligusi.

"Mama, uharibu. Upige vibaya. Watakuchoka, watakuacha."

Aliniangalia kama nimemwambia atie sumu kisimani. Lakini baadaye, nilipokuwa naondoka na bakuli langu, niliona amehamisha nyundo kwenye mkono wa kushoto.

Siku mbili kutwa alifanya kazi kwa mkono wa kushoto, mara nyingine akiwa amefumba macho. Nilisikia jinsi mdundo ulivyoyumba, na mwili wangu ulikereka kama unapomsikia mtu akiimba nje ya sauti. Alipomaliza aliniita. Msalaba ulikuwa umevimba upande mmoja, mkono wake mmoja mrefu, uso wake una mabonde kama shavu la mtu aliyeumwa na nyuki. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Akauegemeza ukutani, akaufunika kitenge. Tungeupeleka kesho yake.

Asubuhi, kabla ya kengele ya misa, nilisikia nyundo. Si ile ya kuyumba. Nilitoka na kanga ya kulalia. Moto ulikuwa unawaka, na Mama Fundi ameinama, mkono wa kulia unapanda na kushuka. Msalaba ulikuwa umenyooka tayari, akiumalizia pembe.

"Mama!"

"Ilikuwa inaniangalia," alisema.

"Lakini tulisema..."

"Minye najua tulisema." Aliweka nyundo chini, akaupiga mkono wake wa kulia kofi kwa mkono wa kushoto, kofi la nguvu, kama unavyompiga mtoto aliyekimbilia barabarani. "Huu mukono ni wa nani? Unieleze. Ni wa nani huu?"

Nikamsaidia kuufunga msalaba, tukaupeleka. Mkubwa alisema ni mzuri kupita yote, akauweka nyuma ya kiti chake.

Baada ya hapo alibadilika. Hakwenda tena Kamatanda. Kwa padri alikwenda, ila hakubishana naye, hata padri akaniuliza kama anaumwa. Vumbi jeupe la machimbo ya chokaa ya Kakontwe liliposhuka juu ya vitu vyake hakulifuta. Alikaa katikati ya misalaba iliyokuwa inangoja kuchukuliwa, na siku moja aliniambia, bila uchungu, kama anayeeleza hali ya hewa: "Niko mu sanduku. Na sanduku nimeipiga minye mwenyewe."

Vita vilipokaribia, Mkubwa hakuagiza tena kitu. Askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa waliokuja kukomesha kujitenga kwetu, walikuwa njiani kutoka Elisabethville, na wetu wakavunja madaraja ya mto Lufira ili kuwazuia. Asubuhi moja Mama Fundi alinigongea: watu wanasema Mkubwa anahama. Tulikwenda mbio. Uani kwake lori lilikuwa linapakiwa magodoro, redio, mbuzi aliyefungwa miguu; walikuwa wanakimbilia Kolwezi. Mkubwa alikuwa bila koti, ndevu hajanyoa. Alipotuona hakutabasamu. Alichukua ile karatasi ya ruhusa kutoka mkononi mwangu, akaiweka juu ya boneti ya gari, akatia sahihi, akaipigia muhuri alioutoa mfukoni.

"Uende, mama," alisema. "Sasa sisi wote tunaenda."

Miezi na miezi tuliitafuta sahihi hiyo, na ilichukua muda wa kupumua mara moja. Mama Fundi aliipokea, akaipulizia wino ukauke. Alijua vizuri kuliko mimi kwamba njia ya Elisabethville ilikuwa imekatika.

Hata hivyo alijaribu. Alifunga nyundo zake kwenye nguo, akaondoka na watu waliokuwa wanakimbia upande huo. Alirudi kesho yake jioni, matope mpaka magotini. Ilikuwa masika, mto umejaa, daraja limeanguka ndani. Alikaa kwenye kizingiti changu nikamwosha miguu.

"Maji iko muzito," alisema tu. "Nyekundu. Minye sikujua iko nyekundu vile." Na baadaye kidogo: "Batu bote balisimama paka ku ngambo moja."

Askari wa ONU wakaingia mjini, kujitenga kukaisha, njia ikafunguliwa. Tukaenda kwa konsula mara ya mwisho. Kijana yule yule, amekonda. Aliisoma ruhusa, akaiweka mezani polepole.

"Bibi, aliyetia sahihi hii ni nani sasa? Serikali yake haipo."

Nilipomtafsiria, Mama Fundi alicheka kicheko kifupi. "Umuulize: ilipokuwako, alisema haiko. Sasa haiko, anataka ikuwe?"

Sikumuuliza. Kijana alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na nadhani alielewa bila mimi. Akasema lazima tuanze upya na pasipoti ya Léopoldville. Akasema pole, akatusindikiza mpaka ngazini. Madame kule Ulaya aliandika kwamba nafasi imepewa mtu mwingine, kwamba asife moyo, pengine mwaka mwingine. Wakuu wapya wakaja. Walishusha misalaba ukutani, wakamrudishia Mama Fundi shaba hiyo, wakamwomba kwa heshima awapigie nembo mpya. Aliirudisha yote motoni, akainyoosha, akapiga walichotaka. Hakuniita niione.

Mwaka uliofuata kampuni ilimhamishia mume wangu Kolwezi. Nilipitia kwa Mama Fundi alasiri ya mwisho kumuaga. Alikuwa kwenye kiti chake kifupi, anapiga mguu wa korongo.

"Munaenda lini?"

"Kesho, mama. Na treni."

"Na weye uliomba ku nani?"

"Kuomba nini?"

"Kutoka."

"Sikuomba, mama. Walimwambia tu baba Odette, na tunaenda."

"Haiko karatasi?"

"Tikiti tu."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge, nami nikacheka naye, kwa sababu alikuwa na kicheko cha kuambukiza. Kisha kikakatika. Akauliza nyumba ya kule ina vyumba vingapi, kama kuna shule karibu, kama nitapata watu wazuri wa kukaa nao. Nilijibu nilivyoweza. Nilitaka kumkumbatia, lakini nyundo ilikuwa mkono mmoja na shaba mkono mwingine, na hakuviweka chini.

"Uende muzuri, mutoto wangu," alisema bila kuinua uso. "Ukitoka, ufunge mulango. Upepo inazimisha moto yangu."

Nikaufunga. Nyundo haikulia mpaka nilipokuwa nimeshaingia kwangu.